Hori, Sifa na Mvinje: Maswali ya Wazazi wa Malindi Kuhusu Masomo ya Biblia Nyumbani

Toleo hili tunajibu barua za wazazi na walezi wa Malindi na viunga vyake wanaowafundisha watoto wadogo Biblia nyumbani. Barua tumezifupisha na majina tumeyaacha.

Mama wa wawili, Muyeye:
Hamjambo wahariri. Wanangu wana miaka 4 na 7, nawasomesha nyumbani. Nilinunua kitabu chenye masomo 52 ya Biblia. Tumefika la tisa, na ukiwauliza la tatu lilihusu nini hakuna anayejua. Niendelee nacho? Na nikikiacha, nichagueje masomo mwenyewe?

Hatujambo, mama. Kitabu cha masomo 52 kimepangwa kwa ajili ya Shule ya Jumapili: somo moja kila Jumapili, mwaka umekwisha. Wewe uko na watoto kutwa kucha. Ukilichukua somo jipya kila siku mbili, hadithi ya leo inaifukuza ya juzi kabla haijakaa. Usikitupe, kifanye ghala. Chagua humo masomo 12 kwa muhula mmoja na kila somo ulipe juma zima.

Juma liende hivi. Jumatatu simulia kwa mdomo, bila kitabu mkononi. Jumatano simulia tena, safari hii na vitu vya kushika. Alhamisi msimulizi ni mtoto, wewe kazi yako ni kukosea makusudi ili akusahihishe. Ijumaa wachore au waigize. Kwa wa miaka 4 kikao kisizidi dakika 10. Wa miaka 7 anafika 20, mradi amepewa kazi: asome mstari mmoja, ahesabu, ashike vifaa. Akikaa tu kumsikiliza mdogo wake akifundishwa, atachoka na atavuruga.

Katika kuchagua, pima kila hadithi kwa mambo matatu. Je, unaweza kuisimulia yote kwa dakika tano? Je, kuna mtu mmoja ambaye mtoto atamfuata kwa macho tangu mwanzo hadi mwisho? Je, kuna kitu ndani ya nyumba, sokoni au ufukweni ambacho mtoto atakishika? Ikishindwa mawili kati ya hayo, iache mpaka mwakani.

Kwa muhula wa kwanza tungechukua hizi, na mpangilio wake si lazima: kondoo aliyepotea (Luka 15:3-7), mvulana mwenye mikate mitano (Yohana 6:1-14), dhoruba ziwani (Marko 4:35-41), wavuvi na nyavu zilizojaa (Luka 5:1-11), kipofu Bartimayo (Marko 10:46-52), Zakayo mtini (Luka 19:1-10), Samweli aitwa usiku (1 Samweli 3), mafuta ya mjane (2 Wafalme 4:1-7), Naamani mtoni (2 Wafalme 5), Musa mchanga (Kutoka 2:1-10), uumbaji (Mwanzo 1), na kuzaliwa kwa Yesu (Luka 2:1-20). Utaona nyingi zina marudio ndani yake. Samweli anaitwa mara nne, Naamani anazama mara saba, na katika Mwanzo 1 maneno "ikawa jioni, ikawa asubuhi" yanarudi kila siku. Marudio ndiyo kamba anayoshikilia mtoto mdogo. Hadithi ya mjane ni rahisi kuliko zote kuandaa: watume wakaazime sufuria na mitungi kwa jirani, wapange sakafuni, kisha mmimine maji badala ya mafuta. Chombo cha mwisho kikijaa, mafuta yanakoma. Hilo hawatalisahau.

Sasa yale ya kungoja. Ibrahimu na Isaka mlimani (Mwanzo 22) isifundishwe kabla ya miaka 9 au 10. Mtoto wa miaka 4 akiisikia haoni imani ya Ibrahimu, anaona baba ameshika kisu. Binti Yeftha (Waamuzi 11) na Sodoma ziwekwe kando kabisa kwa umri huu. Danieli katika tundu la simba ni nzuri, ila koma kabla ya Danieli 6:24, ambapo waliomshitaki wanatupwa humo pamoja na wake na watoto wao. Daudi na Goliathi iishie pale jiwe linapompiga, yaani 1 Samweli 17:49. Kusulubiwa kwa Yesu usikuruke, lakini kifupi, na kaburi tupu lifikiwe katika kikao kilekile. Ukimwachia mdogo hadithi hiyo Ijumaa kuu kwa ahadi kwamba Jumapili utaimalizia, umempa siku mbili za hofu.

Nuhu tumemwacha nje ya orodha makusudi, ingawa picha yake na twiga wake imebandikwa kila ukuta wa chekechea. Ni hadithi ya watu waliozama. Kwa familia zilizoona Mto Sabaki ukifurika mpaka mashambani, si mchezo. Ifundishe kwa wa miaka 6 na kuendelea, tumia muda mrefu kwenye ujenzi wa safina, na usiondoke kabla ya upinde wa mvua (Mwanzo 9:13). Usiunganishe kamwe na mafuriko ya kweli ambayo mtoto ameyaona. Atauliza ni nani aliyeyaleta na walikosa nini.

Jambo la mwisho, mama. Vitabu vingi hufunga kila somo kwa "kwa hiyo watoto wema huwatii wazazi wao." Zakayo, utii. Dhoruba, utii. Hata Naamani, utii! Mtoto ana akili, baada ya masomo manne atajua hadithi zote ni njia ya kumwambia aoshe vyombo. Uliza swali moja tu mwishoni, kwa mfano "Zakayo alipanda mtini kwa nini?", kisha unyamaze.

Baba, Mambrui:
Salaam. Nyumbani tuna Biblia ya Union na binti yangu wa miaka 7 anaisoma kwa shida. Juzi tulikuwa kwa Musa akaniuliza, "Baba, kikapu kimepakwaje sifa?" Sikuwa na jibu. Je, nitafute Biblia yenye Kiswahili chepesi?

Binti ameuliza swali zuri, na jibu lake liko pwani. Kutoka 2:3 katika Union inasema kisafina cha manyasi kilipakwa "sifa na lami". Sifa hapa si kusifu. Ni mafuta ya ini la papa, yale ambayo mafundi wa majahazi huyapaka mbao ili maji yasipenye. Mpeleke mahali mashua zimepandishwa kwa matengenezo, aulize mwenyewe. Harufu yake peke yake ni somo.

Union ilitoka ikiwa Biblia nzima mwaka 1952, na jina lake lina maana: iliunganisha njia mbili za kutafsiri zilizokuwapo, ya Kiunguja (lahaja ya Zanzibar) na ya Kimvita (ya Mombasa). Nyuma zaidi, mwaka 1844, mmisionari Krapf alikuwa ameketi Mombasa akianza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo. Kwa hiyo maneno ambayo mtoto wa bara huyaona ya kale, mtoto wa Mambrui ana nafasi ya kuyakuta nje ya mlango wake. Yako mengi, na kila moja linaweza kuwa nusu ya somo.

Chukua hori. Luka 2:7 yasema Yesu alilazwa "katika hori ya kulia ng'ombe". Mtoto wa huku, na zaidi wa upande wa Lamu, akisikia hori anawaza chombo kidogo cha baharini au mkono wa maji unaoingia nchi kavu. Usicheke. Mwambie kuna hori ya majini na hori ya zizini, na ya zizini ni kihondo, chombo cha kutilia majani ya mifugo. Ukimwonyesha mtumbwi uliochongwa ukawekwa majani ndani, ataona kwa nini umbo linafanana.

Au mvinje. Mwanzo 6:14 katika Union safina inatengenezwa kwa "mti wa mvinje". Mtoto anaijua mivinje iliyopandwa kando ya bahari, ile inayovuma upepo ukipita. Hapo pana mtego kwako mwalimu: neno la Kiebrania ni goferi, na hakuna ajuaye kwa hakika ni mti gani. Watafsiri walichagua mti ambao wasomaji wao wangeuelewa. Sema "mti kama mvinje", usiape kwamba Nuhu alikata mvinje.

Vipimo vya safina ni dhiraa 300 kwa 50 kwa 30. Dhiraa ni kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kwa mtu mzima kama sentimita 45. Kata kamba ya mita 9, ambayo ni dhiraa 20. Siku ya bamvua maji yakishatoka, nendeni ufukweni mkaitandaze mara 15 mfululizo: ndio urefu, mita 135. Upana ni kamba mbili na nusu. Kimo ni kamba moja na nusu, chini ya mnazi mrefu. Wapime kwa kamba, wasipime kwa mikono yao wenyewe. Dhiraa ya mtoto wa miaka 7 ni fupi na safina itapungua sana, na mtabishana.

Kwa wavuvi, Union inakupa jarife katika Mathayo 4:18 na juya katika Mathayo 13:47. Baba yeyote wa Mambrui anajua tofauti ya nyavu hizo mbili: juya hukokotwa na kuchukua kila kitu, kikubwa na kichanga. Ndiyo sababu limepigwa marufuku kwetu, na ndiyo sababu pia mfano wa Yesu una maana, kwa kuwa lile juya lilikusanya wa kila namna kisha wakachaguliwa pwani. Kuhusu Yona, angalia: kitabu chake kinasema "samaki mkubwa", na nyangumi anatajwa katika Mathayo 12:40. Nyangumi hupita nje ya Watamu na Malindi kati ya Julai na Septemba, basi kama una nafasi, somo hilo lipange miezi hiyo.

Je, utafute Biblia nyingine? Ndiyo, iongeze. Biblia Habari Njema ya miaka ya 1990 ina sentensi fupi na mtoto wa miaka 7 ataisoma peke yake. Tungefanya hivi: hadithi asome katika Habari Njema, mstari wa kukariri autoe katika ile inayosomwa kanisani kwenu, ili akiusikia Jumapili autambue. Usichanganye matoleo mawili katika mstari mmoja, atabaki na nusu ya huku na nusu ya kule.

Bibi, Ganda:
Shikamooni, au marahaba kama nimewazidi. Wajukuu wangu wanazungumza Kigiriama, Kiswahili chao bado. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuungaunga. Naweza kuwafundisha?

Shikamoo bibi. Unaweza, na huenda ukatushinda sisi wenye vitabu. Simulia kwa Kigiriama mwanzo hadi mwisho, na Mungu mwite Mulungu kama mnavyomwita nyumbani. Kiswahili kiingie kwenye mstari wa kukariri peke yake, maneno matano au saba. Mtu mmoja anayesoma vizuri akusomee hadithi mara mbili jioni ya Jumapili, wewe uishike, Jumatatu uitoe kwa mdomo wako.

Tuna ombi moja. Usianze kwa "Paukwa!" Wajukuu wakijibu "Pakawa!" tayari wamemweka Samweli pamoja na sungura na fisi. Tafuta mwanzo mwingine uwe wa hadithi hizi tu, mfano "Imeandikwa", nao wajibu "Tusomee". Ngano zako uendelee nazo usiku, kila moja na mlango wake.

Mama, Watamu:
Mwanangu wa miaka 5 anakariri mstari Jumatatu, Ijumaa haupo. Nampa pipi akiweza. Nakosea wapi?

Mama, mistari yako huenda ni mirefu. Kwa miaka 5, kikomo ni maneno saba. Mwanzo 1:1 ina saba kamili: "Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi." Zaburi 56:3, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe", inafaa sana usiku umeme ukikatika. "Yesu akalia machozi" (Yohana 11:35) ni maneno matatu na watoto huupenda kwa sababu unawashangaza.

Mstari mmoja uende majuma mawili. Siku ya kwanza mtamke wote pamoja na ishara za mikono. Siku ya pili acha neno la mwisho alitie yeye, siku ya tatu maneno mawili ya mwisho, urudi nyuma hivyo hadi usimame kwenye neno la kwanza. Kuanzia mwisho kunasaidia kwa sababu kila mara anaelekea mahali anapopajua. Wengi huanzia mwanzo, mtoto akawa hodari wa "Hapo mwanzo Mungu" na akakwama palepale kila siku. Baada ya majuma mawili mstari uingie kwenye kopo, na kila asubuhi wakati wa chai achomoe mmoja wa zamani. Bila kopo hilo hata uliokaririwa vizuri utapotea mwezi ujao.

Pipi ziache. Akizizoea, siku pipi haipo na mstari haupo.

Baba, Barani:
Mimi Mkatoliki, mke wangu Mwanglikana. Amri Kumi za kitabu changu na za kitabu chake hazina nambari moja. Kipi kimekosea?

Hakuna kilichokosea, ndugu. Kutoka 20 haina nambari za amri, na makanisa yamehesabu tofauti. Wakatoliki wanaweka katazo la sanamu ndani ya amri ya kwanza, kisha wanagawa ile ya kutamani kuwa ya tisa na ya kumi. Waanglikana wanaihesabu ya sanamu kuwa ya pili, na kutamani kote ni ya kumi. Kwa hiyo "usiue" ni ya tano kwako na ya sita kwa mama. Kwa mtoto chini ya miaka 8 fundisheni maneno bila nambari. Nambari zitakuja na katekisimu ya kanisa mtakaloamua. Biblia yenye vitabu 73 (yako) na ya vitabu 66 (ya mama) nazo ziwekeni rafu moja, kwa kuwa hadithi zote 12 tulizozitaja juu zimo katika zote mbili.

Mama, Shella (ya Malindi):
Watoto wa jirani, Waislamu, huingia kucheza na hukuta somo likiendelea. Niwafukuze?

Usiwafukuze, wala usiwafundishe bila mama yao kujua. Pita kwake umwambie saa ya somo ni ipi, naye aamue. Mara nyingi itatosha kusogeza somo liwe saa wao wako chuoni (madrasa) kwa mwalimu. Wakikuta hadithi na wakasema "huyo ni Nabii Yunus" (yaani Yona), usianze mjadala wa nani anasimulia sawa. Mwanao naye mfundishe mapema kwamba Musa, Ibrahimu, Yusufu na Yona wanatajwa na majirani pia, na kila nyumba ina namna yake ya kuwasimulia. Asikutane na jambo hilo kwa mara ya kwanza uwanjani kwenye ugomvi.

Mwalimu wa Shule ya Jumapili anayefundisha pia nyumbani, Maweni:
Vifaa vya kununua vina picha za theluji, matofaa na kondoo weupe wenye manyoya. Nitengeneze vyangu? Na nikitengeneza karatasi zinajikunja.

Tengeneza. Picha hizo zina makosa zaidi ya ugeni. Mwanzo 3 inasema tunda, haitaji tofaa. Kondoo wa huku hana manyoya ya pamba, na mtoto akiiona picha ile hamwoni kondoo. Mwonyeshe wa kweli: mkia wa kondoo unaning'inia, wa mbuzi unasimama. Ukifika Mathayo 25:32 atajua mchungaji alitenganisha kwa kuangalia nini. Zakayo ana mkuyu, na mikuyu ipo. Haradali iko kwa muuza viungo, nunua kijiko kimoja. Mikate mitano ya yule mvulana usiiweke mikate ya dukani. Mtoto akiona mikate mitano mizima anaona chakula kingi, na muujiza umepungua. Ilikuwa mikate ya shayiri, chakula cha mnyonge, riziki ya kijana mmoja. Weka mofa (mikate ya mtama) tano ndogo na samaki wawili, tasi, kwenye ungo, kisha waulize hicho kinatosha watu wangapi.

Kwa picha, ubao wa flana ndio unaodumu. Chukua kadibodi nene au mbao nyembamba ya sentimita 60 kwa 90, uivike flana ya rangi moja, buluu iliyopauka ni nzuri kwa sababu inakuwa mbingu na bahari. Ivute iwe tambarare na uipige pini nyuma, usiigandishe kwa gundi, maana jasho la pwani huilegeza ikafanya mapovu. Picha zichorwe kwenye karatasi ya manila, si karatasi ya daftari. Watu wazima wawe na kimo cha sentimita 18, watoto 12. Nyuma ya kila picha bandika vipande viwili vya msasa, kimoja juu na kimoja chini, upande wa mchanga ukitazama flana. Kipande kimoja katikati kinaifanya picha izunguke na Goliathi anasimama kichwa chini, watoto wacheke somo likaishia hapo.

Kujikunja kunatokana na unyevu unaoingia upande mmoja, ule usiopakwa rangi. Paka pande zote mbili, hata kama nyuma ni rangi ya maji nyepesi tu. Zihifadhi zikiwa zimelala chini ya kitabu kizito ndani ya ndoo yenye kifuniko, na wakati wa masika tia humo kifuko cha kitambaa chenye mchele mkavu uliokaangwa bila mafuta na kupozwa. Ubadilishe kila mwezi. Ubao uegemeze nyuma kidogo, usisimame wima, na usikae mkabala na dirisha la upande wa bahari, kwa kuwa upepo wa kusi utawapeperusha mitume wote kumi na wawili.